Kabla ya mvuke kulikuwa na mto: viwanda vya kwanza viliendeshwa na nini?

Swali la msomaji: "Binti yangu yuko kidato cha tatu. Daftari lake la historia linasema injini ya mvuke ya James Watt ya mwaka 1769 ndiyo iliyoleta viwanda Uingereza. Lakini kwenye kitabu chake kuna picha ya kiwanda cha pamba cha zamani chenye gurudumu kubwa la maji ubavuni. Kipi kilitangulia? Na kama gurudumu au injini ilikuwa moja tu, mashine zote zile ndani ya jengo zilizungukaje?"

Dada yangu, picha ndiyo inayosema kweli. Viwanda vya mwanzo vya Uingereza viliendeshwa na maji ya mto. Mvuke ulipofika ulikuta majengo yamesimama, mashine zinazunguka na wenye viwanda wameshatajirika. Nimefundisha ufundi wa mitambo kwa miaka mingi, na sentensi hiyo ya daftari naijua neno kwa neno, kwa sababu kila mwaka vijana huja nayo wameikariri. Nitaijibu kwa urefu, maana ukiianza hadithi hii kwa Watt, sehemu yake nzuri kuliko zote inakupita.

Tuanzie mji wa Derby, katikati ya Uingereza. Mwaka 1721 ndugu wawili, John na Thomas Lombe, walikamilisha kiwanda cha kusokota nyuzi za hariri kwenye kisiwa kidogo ndani ya mto Derwent. Jengo lilikuwa la ghorofa kadhaa, mashine zimejaa kila sakafu, wafanyakazi wanaingia na kutoka kwa saa, na gurudumu moja la maji ndilo lililozungusha kila kitu. James Watt alizaliwa mwaka 1736. Yaani kiwanda kilikuwa kikifanya kazi miaka kumi na mitano kabla mtu huyo hajazaliwa.

Kisha akaja Richard Arkwright, aliyeanza maisha kama kinyozi na mtengenezaji wa nywele za bandia. Mashine yake ya kusokota pamba aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiiige, mwaka 1769, mwaka uleule wa Watt, na nadhani hapo ndipo wanafunzi wengi wanapochanganyikiwa. Kiwanda chake cha kwanza, Nottingham, kilizungushwa na farasi waliokuwa wakizunguka mhimili siku nzima, kama ngamia wa kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta kule pwani. Farasi huchoka, hula hata siku isiyo na kazi, na huhitaji kubadilishwa zamu. Mwaka 1771 Arkwright akahamia Cromford, kijiji kilichojificha kwenye bonde la Derbyshire, akaifunga mashine yake kwenye gurudumu la maji. Tangu hapo mashine yenyewe ikaitwa kwa jina la maji, wala hakuna aliyeihusisha na mvuke.

Kwa nini Cromford, mahali ambapo hapakuwa na mji wala wafanyakazi? Jibu liko ardhini. Milima ya pale ilikuwa na migodi ya madini ya risasi, na wachimbaji walikuwa wamechimba mfereji mrefu wa chini kwa chini wa kutoa maji migodini. Maji yanayotoka ndani ya mlima huwa na uvuguvugu kidogo, kwa hiyo hayakuganda barafu wakati wa baridi kali, wakati mito mingine ilipogeuka jiwe na magurudumu yake kusimama. Arkwright hakuangalia wingi wa maji peke yake, aliangalia pia kama yatakuwepo mwezi wa Januari. Jambo hilo hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Sasa gurudumu lenyewe. Watu hulidharau kwa kuwa ni la mbao, wakidhani ni kitu cha kijijini tu. Kulikuwa na namna mbili kubwa. Ya kwanza, maji hupita chini ya gurudumu na kulisukuma kwa mbio zake. Ya pili, maji huletwa kwa mfereji hadi juu ya gurudumu, yakajaza ndoo zilizopangwa kwenye ukingo wake, na uzito wa ndoo zilizojaa ukalivuta upande mmoja kwenda chini. Mhandisi John Smeaton alitengeneza mifano midogo ya magurudumu haya, akapima kwa makini, na mwaka 1759 akawasilisha matokeo mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Aligundua kwamba gurudumu la kusukumwa kwa chini hunasa chini ya theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye maji, ilhali lile la kujazwa juu hunasa karibu theluthi mbili. Baada ya hapo mjenzi hakuwa na sababu ya kubahatisha. Ilibidi ainue maji kwa bwawa na mfereji, ayaache yashuke kwa uzito wake.

Binti yako anaweza kukokotoa mwenyewe kwa fizikia ya darasani. Chukua maji lita 1,000 kila sekunde, yashuke mita 5. Nguvu iliyomo ni kama kilowati 49. Gurudumu la kunasa theluthi mbili litakupa takriban kilowati 33, ambazo ni kama nguvu farasi 44. Hiyo inatosha kuzungusha maelfu ya visokoteo, na haidai kipande cha kaa la mawe. Ukishalipia ukuta wa bwawa, mfereji na gurudumu, mvua inakuletea nguvu bure.

Ubaya wake ni kwamba mto haukufuati, wewe ndiye unayeufuata. Sehemu zenye maporomoko mazuri zilikuwa mabondeni, mbali na watu, kwa hiyo tajiri alilazimika kujenga kijiji kizima. Arkwright alijenga nyumba Cromford ili familia zikubali kuhamia. Samuel Greg, aliyefungua kiwanda cha Quarry Bank kando ya mto Bollin mwaka 1784, alichukua watoto kutoka nyumba za maskini, akawajengea bweni na kuwafunga kwa mikataba ya miaka. Watoto hao walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku kwa malipo ya chakula na malazi. Maji hayakuwa na gharama ya kununua, lakini wapo walioilipa, na wengi wao walikuwa na umri wa kuwa shule ya msingi.

Tena mto una tabia zake. Kiangazi unapungua. Masika unafurika hadi maji ya nyuma yanapanda na kulizamisha gurudumu, likashindwa kuzunguka ilhali maji yamejaa tele. Jirani wa juu akiziba bwawa lake, wewe wa chini unakauka. Kiwanda kiliposimama kwa ukosefu wa maji, wafanyakazi walikaa, na maji yaliporudi walitakiwa kufidia saa zilizopotea hadi usiku wa manane.

Mvuke uliingilia hapo, na uliingia kwa mlango wa nyuma. Injini ya kwanza ya mvuke iliyofanya kazi ya maana ilijengwa na Thomas Newcomen mwaka 1712, karibu na Dudley, kwa ajili ya kuvuta maji kutoka mgodi wa makaa. Mvuke ulijaza silinda, maji ya baridi yakapulizwa ndani, mvuke ukagandamana kuwa maji na kuacha ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hewa, kisha uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Boriti kubwa iliyobebwa katikati kama bembea ilipanda na kushuka. Iliweza kupanda na kushuka tu, kuzungusha haikuweza, na kwa kiwanda cha kusokota hiyo ni kama kuwa na ng'ombe asiyejua kuvuta jembe.

Watu wa zamani hawakukosa maarifa, hata hivyo. Kwenye kiwanda cha chuma cha Coalbrookdale, katika miaka ya 1740, injini ya Newcomen ilifungwa ili ichote maji yaliyokwisha kupita kwenye magurudumu na kuyarudisha bwawani, yashuke tena. Mvuke ukawa mtumishi wa maji! Viwanda kadhaa vya pamba vilitumia njia hiyohiyo baadaye. Ukimweleza binti yako jambo moja tu kutoka kwenye jibu hili, mweleze hilo, kwa sababu linaonyesha wazi nani alitangulia.

Watt je? Mwaka 1763 alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa injini ya Newcomen uliokuwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Aliona kwamba silinda ileile hupashwa moto na kupozwa kila pigo, na makaa mengi yanateketea kwa kuipasha upya. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake. Hataza ya 1769 inahusu hilo, yaani kubana matumizi ya makaa. Injini yenyewe bado ilikuwa ya kuvuta maji. Watt na mshirika wake Matthew Boulton wa Birmingham waliwafungia wenye migodi injini hizo na kudai theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Ni mkataba wa akili sana, kwa kuwa anayelipa analipia kile tu alichopunguziwa.

Injini ya kuzungusha ilikuja katika miaka ya 1780. Mwaka 1781 Watt alipata hataza ya gia mbili, moja ikiizunguka nyingine kama sayari inavyozunguka jua, na hivyo mwendo wa kupanda na kushuka ukageuzwa kuwa wa kuzunguka. Alilazimika kupita njia hiyo kwa sababu mkono wa kawaida wa kuzungushia, wa namna ya ule wa cherehani ya miguu, ulikuwa umefungwa na hataza ya mtu mwingine. Mwaka 1782 akaufanya mvuke usukume pistoni pande zote mbili, na mwaka 1788 akaongeza gavana, vyuma viwili vya duara vinavyotanuka mashine ikienda mbio na kuubana mvuke vyenyewe. Kwa kiwanda cha nyuzi hicho si kipambo, kwa sababu mwendo ukipanda na kushuka uzi unakatika.

Kiwanda cha kwanza cha pamba kufunga injini ya kuzungusha ya Boulton na Watt kilikuwa Papplewick, karibu na Nottingham, mwaka 1785. Wenye kiwanda, familia ya Robinson, walikuwa wakishitakiana na bwana Byron wa juu ya mto kuhusu maji ya mto Leen. Kwa hiyo hata mvuke ulipoingia kiwandani, uliingia kwa sababu ya ugomvi wa maji.

Ushindi wake haukuwa wa haraka. Wanahistoria wa uchumi wanakadiria kwamba mwaka 1800, miaka 31 baada ya hataza ile, mvuke uliipa Uingereza kama nguvu farasi 35,000, wakati maji yalitoa kama 120,000. Mvuke na maji vililingana karibu mwaka 1830, kila kimoja kwenye 165,000. Mwaka 1870 mvuke ulikuwa umevuka milioni mbili, na maji yalikuwa bado yanapanda taratibu, kama 230,000. Maji hayakufa. Yalifika kikomo cha mabonde.

Kilichoupa mvuke ushindi kilikuwa mahali, naamini, kuliko bei. Manchester ilikuwa na watu, na tangu mfereji wa Bridgewater ulipofunguliwa mwaka 1761 makaa yaliingia mjini kwa mashua kwa bei ya chini. Tajiri mwenye injini hakujenga kijiji wala bweni. Alifungua lango, watu wakapanga foleni, na akimfukuza mmoja alimpata mwingine kabla ya jioni. Sheria nazo zilipozidi kubana saa za watoto mwaka 1833 na za wanawake mwaka 1847, kufidia saa zilizopotea kukawa kugumu, na mwenye mto aliumia kuliko mwenye boila, ambaye mashine yake haikujua kiangazi.

Sasa swali lako la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi. Bila shaka umewahi kuingia kwenye mashine ya kusaga mahindi ya mtaani. Injini ya dizeli imekaa pembeni, puli yake kubwa imevishwa mkanda, na mkanda unaenda kuzungusha kinu upande wa pili. Chukua wazo hilo, ulikuze mpaka lijaze jengo la ghorofa tano.

Kutoka kwenye gurudumu au injini, mhimili mnene ulipeleka mzunguko hadi kwenye nguzo ya chuma iliyosimama wima na kupenya sakafu zote mpaka juu. Kila ghorofa, gia zilizokatwa kwa mshazari ziliugeuza mzunguko wa wima kuwa wa kulala, ukaingia kwenye shafti ndefu iliyoning'inizwa chini ya dari na kwenda toka ukuta hadi ukuta. Kwenye shafti hiyo zilipangwa puli, moja kwa kila mashine, na kutoka kila puli mkanda wa ngozi ulishuka hadi kwenye mashine yake. Shafti ilizunguka bila kupumzika tangu asubuhi hadi jioni.

Mfanyakazi aliisimamishaje mashine yake peke yake, ikiwa shafti haisimami? Mashine ilikuwa na puli mbili zimekaa kando kwa kando. Moja ilikazwa kwenye mhimili wa mashine, nyingine ilizunguka bure bila kushika chochote. Kwa mti mfupi wenye uma alisukuma mkanda kutoka puli ya kwanza kwenda ya pili. Mkanda uliendelea kukimbia, mashine ikatulia. Hakuna swichi, hakuna umeme, na kifaa hicho kilidumu zaidi ya miaka mia.

Mpangilio huu ndio uliochora hata sura ya majengo. Ukiona picha za viwanda vya zamani vimesimama virefu na vyembamba, vyenye ghorofa nyingi kama masanduku yaliyopangwa, sababu kubwa ni shafti. Ukiitandaza mbali sana inajipinda na kula nguvu, kwa hiyo mashine zilirundikwa juu ya nyingine karibu na chanzo. Wembamba wa jengo nao uliruhusu mwanga wa madirisha kufika katikati. Mwanzoni shafti zilikuwa nzito na za mwendo wa polepole. Baadaye mhandisi William Fairbairn wa Manchester alizifanya nyembamba zaidi, za chuma kilichofuliwa, zikazungushwa kwa kasi kubwa na kupeleka nguvu ileile kwa uzito mdogo. Hata hivyo sehemu kubwa ya nguvu iliteketea njiani kwenye beringi na mikanda kabla haijagusa uzi. Usisahau pia hatari yake. Mkanda uliovuta nywele au pindo la gauni haukumsubiri mtu apige kelele. Kuweka uzio kwenye shafti na mashine kuliwekwa kwenye sheria ya Uingereza mwaka 1844 tu, baada ya miongo ya watu kukatika viungo.

Mota za umeme ndizo zilizoondoa msitu huo wa mikanda, kwa kuipa kila mashine nguvu yake. Lakini zilichukua muda. Kiwanda cha kufuma cha Queen Street, mjini Burnley, kilikuwa bado kinaendeshwa na injini moja ya mvuke na shafti zake mpaka kilipofungwa mwaka 1982.

Nimalizie na upande unaotugusa sisi. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja tangu miaka ya 1820, na mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, wakachukua pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa hicho ndicho merikani, ambacho bibi zetu walikivaa na misafara ya bara ikakitumia kama fedha. Kilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, na viwanda vya jimbo hilo vilikua juu ya maporomoko ya mito, mkubwa wao ukiwa mji wa Lowell, ambako maporomoko ya Pawtucket, ya kimo cha kama mita kumi, yaligawanywa kwa mifereji ya urefu wa kilomita tisa hivi. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Salem haikuwa na maporomoko, na ilipojenga kiwanda chake kikubwa katika miaka ya 1840, ilichagua mvuke, makaa yakaletwa kwa meli. Kwa hiyo kwenye historia ya merikani peke yake unaona maji yakitangulia na mvuke ukifuata, na ukinunua doti la merikani hujui ni upi uliolifuma.

Mifereji ya Lowell ilisimamiwa na mhandisi mzaliwa wa Uingereza, James B. Francis. Viwanda vilipozidi na maji yakawa haba, aliacha magurudumu makubwa na kuboresha turbaini, gurudumu dogo la chuma linalozama kabisa ndani ya maji, lenye mapezi yanayoyaongoza maji kutoka pembeni kuingia katikati. Lilinasa karibu asilimia 90 ya nguvu, na mafuriko hayakulisimamisha. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1840, kwa ajili ya kufuma vitambaa. Turbaini ya Francis ndiyo iliyofungwa Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, mkoani kwenu kama unaishi Morogoro, na ndiyo iliyofungwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, ambako zipo tisa, kila moja ya megawati 235.